Mguu wa Akiru, Moshi wa Mzeituni

Jumatano, 8 Aprili

Nimetoka mtaa wa Chechelesi sasa hivi, kwa Akiru. Kidonda cha Akiru hakijafunga. Maji ya chumvi, dawa, bandeji, soksi safi. Hii ni wiki ya saba. Kidole gumba kimeanza kuwa cheusi upande mmoja na yeye anasema ni kivuli. Kivuli! Miaka thelathini alifundisha hesabu chumba cha pili kutoka changu, mimi nikifundisha Kiswahili, na sijawahi kumsikia akikubali amekosea.

Nilipomaliza alichukua kibuyu cha marehemu mama yake pale msumarini, akakifukiza kwa kaa la moto, akatia maziwa. Tukanywa. Hufanya hivyo kila siku nikimsafisha. Nadhani ndiyo shukrani yake, maana kwa mdomo haitoki.

Safari ni Jumamosi. Bado siamini. Esther, binti yake, niliyemfundisha mimi mwenyewe, ameolewa kusini mwa Ufaransa. Kazi yake ni kuzungusha watalii kwa gari dogo. Watu wanane, asubuhi miji ya kale, mchana mashamba ya mvinyo. Wawili wameghairi, akatutia sisi. Mimi, mjane wa Kiborana wa mtaa wa Wabera, Isiolo, naenda ziara ya mvinyo. Kaka yangu alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. Amesema nisikae kwenye meza yenye pombe. Nimemwambia nitakaa nje.

Sasa jambo lenyewe. Esther alinipigia jana, mimi peke yangu. Anataka mama yake abaki huko, asirudi. Sukari, kidonda, nyumba haina mtu. Chumba kiko tayari, daktari yuko tayari. "Mwalimu, mimi mama hanisikii. Wewe atakusikia. Ongea na yeye pole pole. Na usimwambie nimekutuma."

Nimeahidi. Nilipokata simu nilikaa kitandani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Jumamosi, 11 Aprili

Uwanja wa ndege, Nairobi. Akiru amevaa shanga zake zote, mashine imelia mara tatu. Amewauliza walinzi kama wanataka kumvua na shingo pia.

Bado sijamwambia lolote. Tuna siku kumi.

Jumatatu, 13 Aprili

Avignon. Ukuta mkubwa, kanisa kubwa, upepo wa kung'oa meno. Wenzetu ni sita. Dada wawili kutoka Skotlandi wanaofanana, mke na mume wa Kanada, kijana mmoja na mchumba wake, hawa hawasemi na mtu. Wote wapole. Dada mkubwa ameniuliza kama nyumbani kwetu kuna simba. Nimemwambia kuna boda, na boda ni hatari zaidi.

Akiru anachechemea na anajifanya anatazama madirisha ya maduka. Esther anamtazama mama yake. Mimi namtazama Esther. Hivyo ndivyo tulivyotalii leo.

Jumanne, 14 Aprili

Tumeona daraja la mawe la Warumi lililokuwa likipeleka maji mjini. Orofa tatu. Limesimama karibu miaka elfu mbili. Wenzetu wamepiga picha. Mimi na Akiru tumekaa chini tukalitazama kwa muda mrefu, kama watu wa Isiolo wanavyotazama maji. Mwishowe akasema, "Hawa walikuwa na hesabu nzuri." Hiyo ni sifa kubwa kwake.

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu. Nikafungua mdomo nikauliza kama ana njaa. Mimi ni mwoga.

Jumatano, 15 Aprili

Siku mbaya.

Shamba la kwanza la mvinyo. Mimi nimebaki nje kwenye benchi, na mwenye shamba, mzee mmoja mwenye masikio makubwa, ameniletea maji ya zabibu kwenye glasi ya heshima. Wengine wameingia ghalani. Haya ya ndani nimeyajua baadaye kwa Esther.

Kumbe utaratibu wao ni kuonja na kutema. Kuna ndoo kabisa ya kutemea. Akiru alipoiona aliuliza wanambariki nani, maana kwao Turkana wazee hutema mate kumbariki mtu. Esther akamweleza. Akiru akakataa katakata. Yule mzee amelima kwa mikono yake, amemimina kwa mikono yake, anamtazama usoni, halafu yeye ateme? Akameza. Glasi sita. Kwa adabu tupu! Na asubuhi alikuwa amejidunga dawa ya sukari na hakula, kwa sababu mkate wao ni mgumu.

Alitoka ghalani akicheka, akaja kukaa nami. Kisha akanyamaza. Jasho baridi. Nikamwita, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nikamnywesha yale maji yangu ya zabibu kwa nguvu, nusu yakamwagikia shanga. Baada ya muda macho yakarudi. Neno lake la kwanza: "Ilikuwa tamu ile ya nne."

Alhamisi, 16 Aprili

Kundi limekwenda Arles na dereva mwingine. Sisi tumekwenda kwa daktari. Mwanamke kijana, mikono baridi. Amekitazama kidonda muda mrefu, na Esther akatafsiri. Kidole huenda kisiokoke. Mguu unaweza kuokoka, kama atatibiwa kila wiki, mwaka mzima pengine. Akirudi kwenye vumbi na maji ya chumvi, daktari hawezi kuahidi mguu.

Maji ya chumvi. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Wiki saba.

Akiru amesema atafikiria. Kisha Esther akatupeleka kwake, akamwonyesha mama yake chumba. Kitanda kipya, shuka la manjano, dirisha linaangalia mti wa mlozi. Akiru ameshika shuka, akaliachia. Amesema ni chumba kizuri cha wageni.

Esther alinivuta jikoni. "Mwalimu, umeongea naye?" Nimesema bado. Machozi yakamtoka mtoto wa watu. Nimejiona nyoka.

Kwa nini sisemi? Nitaandika hapa, hakuna atakayesoma. Mume wangu amekufa mwaka wa tisa huu. Watoto wangu wako Nairobi na huja sikukuu. Miaka ile watu wake na watu wangu walipogombania malisho, hata salamu sokoni zikakauka, Akiru alivuka mji kwa miguu kuniletea majani ya chai kwa sababu alijua yangu yameisha. Mtu huyo ndiye natakiwa nimwache huku. Sitaki. Basi.

Ijumaa, 17 Aprili

Tumejiunga tena na kundi. Shamba la pili, juu kilimani. Akiru hali kitu. Jibini inanuka miguu, anasema, na miguu inayonuka anayo tayari. Chai yao ni maji yaliyotishwa kwa jani. Esther anahangaika na vijiko kama anayelisha mtoto.

Wengine wameingia kuonja, mimi nikabaki nje kama kawaida, na Akiru akabaki nami, kwa amri ya Esther. Upepo ukaleta moshi. Nikasimama kabla sijajua kwa nini. Nyuma ya ghala wanaume wawili walikuwa wanachoma matawi waliyopogoa. Mzeituni. Wa kwetu ni wa porini, tunauita ejersa, na ndio tunaofukizia vibuyu. Wao ni wa shambani. Lakini moshi ni ndugu.

Nikawaza: nikimpa maziwa ya nyumbani hapa hapa, ataona kwamba hata huku anaweza kuishi. Nitakuwa nimetimiza ahadi bila kufungua mdomo. Nikaomba jagi la udongo jikoni. Wale wanaume wakanipa makaa kwa koleo, wakiniona wazimu. Nikatia kaa, nikafunika na sahani, nikatikisa, nikamwaga, nikarudia mara tatu. Kisha maziwa. Yalikuwa ya ng'ombe na ya dukani, lakini yalipotoka yalikuwa na vidoa vyeusi na harufu yenyewe.

Akiru alinusa. Akanitazama. Akanywa jagi zima bila kupumua. Kisha akalia, na mimi sijamwona akilia tangu azikwe mama yake. Akauliza kama mvua imefika Kipsing, kwa kaka yake na mbuzi wake. Nikasema sijui. Akauliza kama kibuyu kitaota ukungu.

Nilifurahi kwamba amekunywa. Mjinga mimi.

Jumamosi, 18 Aprili

Asubuhi nimemkuta amefunga sanduku. "Narudi na wewe Jumanne. Mguu ni wangu."

Esther amelia mezani mbele ya dada wa Skotlandi. Kisha akanifuata kwenye gari. "Ulifanya makusudi?" Nikasema hapana. Nimekaa na jibu hilo siku nzima na haliingii kooni. Nilitaka azoee huku. Ndiyo. Lakini mtu aliyeishi Isiolo miaka sitini na miwili anajua maziwa ya moshi hufanya nini kwa mtu aliye mbali. Mkono wangu ulijua. Na nilipomwona ameshika sanduku, kitu ndani yangu kilipiga vigelegele.

Nimeswali adhuhuri na nimeomba msamaha. Haitoshi.

Jumapili, 19 Aprili

Esther alimpeleka mama yake kanisani. Waliporudi nikamwomba Akiru tukae chini ya mlozi. Nikasema yote. Simu ya Esther, ahadi, jagi, vigelegele.

Akanisikiliza kama anasahihisha mtihani. Kisha: "Viza yako wiki mbili. Yangu mwaka mzima. Mimi nilifundisha hesabu, Gumato. Nilijua kabla ya kupanda ndege. Nilikuwa nangoja kuona kama wewe utaniambia."

Nikamwambia, "Mimi nataka urudi. Hakuna mtu anataka urudi kama mimi. Na mimi ndiye nakuambia ubaki. Kile kidonda siwezi. Nilikuwa najidanganya, na wewe nakudanganya kwa chumvi."

"Kwa hiyo umenichoka."

"Nimechoka na kidonda."

Akainuka na fimbo yake akaingia ndani. Hajanisemesha tena.

Jumatatu, 20 Aprili

Siku ya mwisho ya kundi, chakula cha kuagana. Watu wamekumbatiana. Akiru amekaa upande wa pili wa meza na amepitisha chumvi kwa wengine wote isipokuwa mimi. Nimekula samaki. Sikuonja ladha yake.

Ukweli ni mchungu, tunawaambia watoto. Hatuwaambii kwamba anayeusema naye huunywa.

Jumanne, 21 Aprili

Uwanja wa ndege, Marseille. Tulitoka na masanduku mawili. Tulipofika mlangoni Akiru akamwambia Esther aliache lake ndani ya gari.

Nikaegemea gari. Akanishika kiwiko, yeye mwenye mguu mmoja mzima, akanishika mimi.

Akavua ufunguo shingoni, kutoka katikati ya zile shanga. Wa nyumba ya Chechelesi. "Kibuyu kifukizwe kila Ijumaa. Si Jumamosi. Na makaa yasiwe makubwa, wewe huwa unaunguza." Kisha akatema mate kidogo kwenye kiganja chake, akanipaka kwenye paji la uso, mbele ya Wafaransa wote na walinzi wao. Sikupangusa.

Esther ameniandikia nikiwa ndani ya ndege: asante Mwalimu.

Ijumaa, 1 Mei

Isiolo. Mvua imenyesha wiki hii, barabara ya Chechelesi ni tope tupu. Nimetoka msikitini nikapitia huko.

Akiru amepiga simu nikiwa mlangoni kwake. Wamekata kidole. Mguu umebaki. Anatembea na fimbo mpaka kwa mwoka mikate, ambaye Akiru anasema hajui kurudisha chenji. Mvua imefika Kipsing, nimemwambia, kaka yake amenitumia salamu. Akauliza kama ni Ijumaa. Nikasema ndiyo. Akasema nisinywe peke yangu, nitalia.

Nimefukiza kibuyu kwa makaa madogo. Nimetia maziwa. Nimekunywa peke yangu kwenye kigoda chake na nimelia. Sitamwambia. Kisha nimekiosha, nikakitundika kwenye msumari wake, nikafunga mlango.