Jina Tulilompa Fahali

Jumapili, katikati ya Julai. Mvua imeanza saa nane kamili bila kuchelewa hata dakika, ndiyo maana najua haijaajiriwa na serikali. Nimeketi nyuma ya duka, mlango nimeufunga, nimevaa sweta ya mke wangu kwa sababu yangu imeloa. Ni ya rangi ya waridi. Hakuna anayeniona ila wewe, shajara yangu ya mtandaoni, na wale wasomaji wangu kumi na wanne ambao nusu yao ni binamu.

Sauti imenikauka. Jana nilipiga kelele mpaka koo likawaka moto. Kile nilichokuwa nikikipigia kelele ndicho kimenikalisha hapa leo, badala ya kulala usingizi wa mchana kama mtu mzima aliyetoka kanisani.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nina agroveti karibu na Khayega. Nauza mbegu, dawa za kupe, chakula cha kuku, na natoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Nina miaka hamsini na miwili, kitambi cha kuheshimika, na nusu ya fahali. Nusu ile nyingine ni ya kaka yangu Ambani, ambaye husema yake ndiyo ya mbele, yenye pembe.

Fahali wetu ni wa kupigana. Huku kwetu Jumamosi asubuhi fahali hukutanishwa uwanjani, ngoma za isukuti zikivuma, na fahali asiye na jina la kutisha huyo ni wa kuvuta jembe tu. Majirani wamewapa wa kwao majina ya wanasiasa, ya mabondia, ya mafuriko. Wetu tulimpa jina la yule mtawala wa Ujerumani, kiongozi wa Wanazi, aliyepigana na dunia nzima katika Vita vya Pili. Unamjua. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nimelitamka vya kutosha.

Si sisi tuliolianzisha. Babu yetu alikuwa askari wa Mwingereza, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani, akarudi na koti, kikohozi, na jina hilo. Mjerumani hakuwahi kumwona hata mmoja. Lakini aliwaona maofisa wake wakisogelea redio na kunyamaza, akajua kumbe yuko mtu duniani ambaye hata bwana mkubwa anamwogopa. Kwa mtu mzima aliyekuwa akiitwa boi kila siku, hiyo ilikuwa habari tamu. Akampa fahali wake jina hilo. Fahali akashinda. Akaja mwingine akalirithi, na huyu wa sasa ni wa nne. Mimi nimekua nikijua jina hilo lina maana moja: nguvu za boma letu.

Shuleni nilisoma historia, nikapata alama ambayo mwalimu aliiandika kwa huruma. Nakumbuka mikataba. Wayahudi walikuwa sentensi moja chini ya ukurasa, karibu na kengele ya chakula. Nilijua kwamba "waliteswa". Hata mimi nimewahi kuteswa, na jino.

Sasa Jumanne.

Binti yangu Ayuma, kifungua mimba wetu, yuko chuo kikuu na muhula huu anafanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari upande wa Mukumu. Jumanne jioni alirudi akaketi jikoni na mkoba bado begani. Mama yake alikuwa amechinja kuku wa kienyeji, ingokho mwenyewe, na obusuma, ugali wetu, ilikuwa bado inatoa moshi. Hakunawa hata mikono.

"Mwalimu," nikamtania, "umeshiba chaki?"

Hakucheka. Akasema, "Baba, leo nimefundisha kidato cha nne kuhusu Wayahudi. Nikaandika ubaoni jina la yule aliyewaua."

"Enhe?"

"Wakaanza kupiga madawati."

Akaugonga ule mdundo mezani kwa vidole viwili, nikautambua kabla hajafika mwisho. Ni wimbo wa fahali wetu. *Nani anakuja? Nani alitetemesha Ulaya?* na umati unajibu kwa jina. Darasa zima lilisimama, akaniambia, wasichana kwa wavulana, wanatikisa mabega. Yeye yuko mbele na picha mkononi, picha ya watoto wamepangwa kando ya reli na mizigo yao. Akangoja wamalize. Hawakumaliza. Msichana mmoja wa mbele, mpole tu, akamwuliza, "Madam, si huyu ni ng'ombe ya kwenu?"

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo."

Hapa ndipo nakiri. Nilicheka. Kidogo tu, puani, kama mtu aliyesifiwa. Wimbo wetu umefika mpaka Mukumu!

 Ayuma akatoa karatasi zake za somo, akazisukuma mezani mpaka zikagusa sahani yangu. "Soma hizi kabla ya Jumamosi, Baba. Zote. Halafu uniambie kama bado ataitwa hivyo."

Jumatano nilizisoma dukani, kati ya mteja na mteja. Mwanzo haukunishtua sana, na hilo sasa ndilo linanishtua. Ulianza na maduka. Watu wanasimama mlangoni mwa duka la Myahudi kuwaambia wateja wasiingie. Nikatazama mlango wangu. Kisha watoto wakafukuzwa shule. Kisha wakalazimishwa kushona nyota ya njano kwenye nguo. Kisha wanaondolewa nyumbani, na majirani wananunua viti vyao mnadani, viti walivyowahi kuvikalia wakinywa kahawa. Nikauza chakula cha vifaranga. Nikarudi. Mashimo yamechimbwa msituni, kijiji kizima kimepangwa ukingoni, wazee na wanaonyonya. Nikamweleza mama mmoja jinsi ya kuchanganya dawa ya kupe, nikakosea kipimo, akanisahihisha yeye.

Halafu nikafika kwenye kambi, na ile gesi.

Ilikuwa dawa ya wadudu.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikarudia. Ilikuwa dawa ya dukani: ya kuua chawa kwenye nguo, wadudu kwenye maghala na meli. Ilikuwa na mkebe, lebo, onyo, na mawakala wa kuisambaza. Watu wa kazi yangu. Na kwa kuwa gesi yenyewe ni ya hatari, watengenezaji walikuwa wametia ndani yake kitu cha kuwasha macho na kunuka, ili mtu akiivuta kwa bahati mbaya ashtuke, akimbie. Kisha, kwa ajili ya mikebe ya kambini, ikaagizwa ile harufu iondolewe.

Wale watu walikuwa wameambiwa wanaenda kuoga. Waliambiwa wafunge viatu vyao pamoja, visije vikapotea.

Mimi nauza vidonge vya kufukiza dumuzi kwenye mahindi. Kila anayenunua namwambia maneno yale yale, miaka yote, mpaka wateja wa zamani wananitangulia kuyasema: ukisikia harufu, toka. Hiyo ndiyo dini ya kazi hii. Unaweza kuwa mvivu, unaweza kuwa mlevi, lakini hilo lazima uliseme. Na kuna mtu kama mimi, mwenye kalamu, pengine mwenye kitambi, aliketi ofisini akaandika: bila harufu. Kisha akaenda kula chakula cha mchana.

Watu milioni sita. Si wote waliokufa kwa dawa hiyo, lakini wengi mno, na wote kwa mpango.

Saa tano nilifunga duka. Niliwaambia watu tumbo linanisumbua.

Alhamisi nikaenda kwa Ambani. Nilimkuta anamwosha fahali, amejifunga gunia kiunoni, anamsemesha kama bibi harusi. Nikamwambia tubadilishe jina. Alicheka mpaka fahali akageuka kumtazama.

"Daktari wa kupe! Umekunywa dawa yako mwenyewe?"

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati. Akanikata. "Sikia, mdogo wangu. Hawa ni Wazungu waliuana wenyewe. Wakati huo babu yetu alikuwa anabebanga sanduku za risasi za mtu mwingine. Nani alimlilia? Na ng'ombe habadilishwi jina katikati ya msimu. Umati utamwita nini? Watatuzomea."

 Kuhusu babu yuko sahihi, na nilimwambia hivyo. Nikabaki na kitu kimoja tu, nikakisema: waliondoa harufu.

Ambani akaacha kusugua.

Lazima ujue kwamba kaka yangu yuko hai kwa sababu ya harufu. Miaka iliyopita alilala chumba kinachopakana na ghala lake la mahindi, siku ambayo vidonge vilikuwa vinafanya kazi ndani. Alizinduliwa na uvundo kama wa kitunguu saumu kilichooza, akatambaa mpaka nje na shati peke yake. Hukisimulia kisa hicho kwenye kila matanga, watu wanacheka kwa ajili ya ile suruali iliyobaki ndani. Safari hii hakukisimulia.

"Waliitoa?"

"Waliitoa."

"Makusudi? Wakijua kuna watoto ndani?"

"Wakijua."

Alimwagia fahali maji yaliyobaki, polepole, mgongo wote mpaka mkiani. Kisha akasema, bila kunitazama, "Sasa tutamwita nini?"

Tukakubaliana Ngurumo. Mzee Likhanga, mwimbishaji wa ngoma zetu, alinung'unika kwamba wimbo mpya haushonwi kama kifungo, lakini akatunga.

Jana asubuhi, basi. Uwanja umejaa, umande bado kwenye nyasi, Ayuma amesimama upande wangu wa kulia na koti lake la mvua. Nilipewa kipaza sauti, nikasema kwa ufupi kwamba kuanzia leo fahali wetu anaitwa Ngurumo, kwa sababu mtu yule ambaye fahali alikuwa akiitwa kwa jina lake aliua watu milioni sita kwa kuwa tu walizaliwa Wayahudi, na sisi hatukujua, na sasa tunajua.  Kisha mtu mmoja nyuma: "Ngurumo ni ya tumbo lako, Bwana Dawa!" Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mimi pia ningecheka, lilikuwa tusi zuri.

Likhanga akaimba mistari mitatu ya wimbo mpya. Umati ukaumeza kwa kuimba ule wa zamani.

Sikuvunjika moyo. Nilijua itachukua muda. Nilijiona mtu mwema sana pale, nakwambia, nimesimama na kipaza sauti changu.

Fahali wa kijiji cha Malinya, mpinzani wetu wa siku hiyo, ni mkubwa kuliko tulivyoambiwa. Waligongana, wakashikana pembe, wetu akasukumwa nyuma hatua kumi, akapiga goti.  Miaka minne ya majani ya kukatiwa, molasi na kubembelezwa. Kisha akainuka. Sijui alitoa wapi zile nguvu. Alimwinua yule mwingine shingo, akamgeuza, akamsukuma, na umati ukawa sauti moja, na fahali wa Malinya akageuka akakimbia.

Nilikuwa nimeruka juu, ngumi zote mbili hewani, koo wazi. Nilikuwa naliita lile jina.

Si mara moja. Sijui ni mara ngapi. Nilikuwa naliita kwa furaha, mate yanatoka, pamoja na wote walionicheka. Nilikuwa nimebeba zile karatasi kichwani siku tatu, nilikuwa siwezi kula, na kinywa changu kililifungukia jina kama mlango unaomjua mwenyewe.

Niliposhuka chini nikageuka kulia. Ayuma hakuwa anatazama fahali. Alikuwa anatazama mdomo wangu.

 Tulirudi nyumbani nyuma ya ngoma, yeye mbele yangu hatua chache, mimi natazama matope kwenye viatu vyake. Ambani alikuja akatembea sambamba nami. Watu walitaka kumbeba, akakataa.

"Nilikusikia," akasema.

"Na wewe?"

Akanionyesha kofia yake. Ukingo ulikuwa umetafunwa, umelowa. "Mimi nilijua lile jina litanitoka," akasema. "Nikaiuma."

Kaka yangu, ambaye hakusoma ukurasa hata mmoja.

Tangu jana nimekuwa nikimfikiria yule mtu wa ofisini. Wiki nzima nilimwona yuko mbali, Ulaya, na wakati wake na baridi yake. Mimi si yeye. Sijaua mtu, na sitajipiga kifua kwa dhambi isiyo yangu ili nionekane mnyenyekevu. Lakini nilidhani kujua kunatosha. Nilidhani mtu akishajua, mwili mzima unakuwa umejua. Kumbe sivyo, na sikuambiwa na mtu, nimejisikia kwa masikio yangu.

Leo asubuhi Ayuma aliniletea chai hapa nyuma. Aliiweka juu ya gunia la mbegu, akakaa juu ya lingine. Nikataka kuomba radhi, ikatoka sauti kama ya chura. Hapo ndipo alipotabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Kesho nina kidato cha nne, kipindi cha pili," akasema. "Njoo uwaambie kuhusu harufu. Mimi nikisema wanaona ni somo."

"Nitawaambia na ya jana?"

"Hiyo hasa, Baba."

Kwa hiyo kesho duka halitafunguliwa mpaka saa nne, wateja mnivumilie. Nitavaa koti la harusi, kama litafunga. Nitaandika jina ubaoni mimi mwenyewe, kwa sababu Ayuma amesema halifichwi, linaelezwa. Na ninachoogopa si watoto. Wakianza kupiga madawati, huo mdundo wa babu yangu na baba yangu, je, mguu wangu utatulia?