Nyayo za Mama Jaya

Mjukuu wangu Wanjiru,

Hili sijamwambia mtu, hata babu yako. Sisi wazima, na duka letu la Subukia limefunguliwa tena. Umeuliza kwa nini kila asubuhi nalipitia pekupeku.

Nikiwa msichana nilimfanyia kazi Mama Jaya, Mhindi mwenye duka Nakuru. Jioni moja nilimwaga mafuta ya kupikia, nikaona aibu, nikayafunika kwa gunia. Asubuhi alivua viatu kama kawaida yake, akapita polepole, akasimama penye gunia. Nilistaajabu: nyayo zake zilisoma sakafu kama mimi nilivyosoma vitabu.

“Hapa iko mafuta,” alisema. “Nje iko mama na mtoto mgongoni. Nani taanguka?”

Nilimwaga majivu, nikasugua mpaka pakakauka. Kisha nikavua viatu, nikapita mwenyewe, ndipo nikafungua mlango.

Shosho wako