Kuku Mia Tatu na Kumi Kwenye uint8

Jumamosi, Unyambwa. Upepo umeingiza mchanga hadi kwenye chai, na mimi nina aibu ya kunitosha mpaka mwezi ujao.

Shajara, leo nimeongea mbele ya akina mama kumi na wanane. Mimi, ambaye tangu nimalize kidato cha sita nikitumwa dukani huwa naonyesha kwa kidole.

Kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku kimechoka na daftari la chanjo. Safari iliyopita kuna mtu alitumia kifutio, kuku wake wakaonekana wamechanjwa kumbe bado, ugonjwa wa kideri ukapita nyumba tatu. Nikajitolea kuwatengenezea rejista kwenye blockchain, daftari la mtandaoni, kwa programu inayoitwa smart contract, yaani mkataba. Ukishaandika kitu humo, hakifutiki.

Baba ametoa sharti moja. Kikundi kikiikubali, nabaki na kompyuta yangu hadi niende chuo. Kikiikataa, naenda Mitundu kusimamia duka la mjomba, ambako kazi yote ni kuongea na watu.

Sasa, kila unachoandika humo kina ada, na ada hiyo inaitwa gesi. Mama Neema ameuliza kama ni ya mtungi mdogo au mkubwa. Nimejibu kwamba ni tofauti kidogo.

Nilitaka kubana gesi. Kwa hiyo idadi ya kuku nikaihifadhi kwa uint8, aina ndogo kabisa ya namba, ambayo mwisho wake ni 255. Niliamini namba ikiwa ndogo, ada nayo itakuwa ndogo. Tena sikukurupuka. Nilipita nyumba kwa nyumba kuuliza mtu ana kuku wangapi. Wote walinijibu kitu kimoja: "Vikuku vyangu vichache tu, mwanangu." Mama Salma, mwenyekiti, alisema vyake havifiki hata thelathini.

Mimi ni mtoto wa hapa, nilipaswa kujua. Kwetu hakuna anayetaja idadi kamili ya mifugo yake. Babu amefariki na mpaka leo hatujui alikuwa na ng'ombe wangapi.

Leo lakini bwana mifugo alikuwepo na dawa yake, na dozi haikisiwi. Mama Salma akaniinamia sikioni. "Andika mia tatu na kumi." Alinong'ona, ila chumba kizima kilikuwa kimenyamaza kumsikiliza.

Nikaandika. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo.

"Inasemaje?"

"Imekataa, mama."

"Hata kompyuta imeshtuka," Mama Neema akasema.

Mama Salma hakucheka. "Yaani inaniita mwongo?"

Ningeweza kusema mtandao unasumbua. Kila mtu husema hivyo na kila mtu huamini. Lakini mwenyekiti alikuwa amesimama pale na kuku wake wote hadharani, na kosa halikuwa lake.

"Hapana, mama. Kosa ni langu. Niliweka nafasi inayoishia kuku mia mbili hamsini na watano."

"Kwa nini hukuuliza kwanza?"

"Niliuliza. Ulisema hawafiki thelathini."

Walicheka mpaka bwana mifugo akatoka nje kujifuta machozi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uint8 haikupunguza chochote. Nimesoma upya. Ni kama kukodi trei ya mayai: weka yai moja, hata liwe la kwale, unalipia trei nzima. Kwenye mtandao huu trei ni ya biti 256, na namba ndogo ikikaa humo peke yake inaiongezea mashine kazi ya kuitenga na nafasi tupu. Nafuu inapatikana pale namba ndogo kadhaa zinapopangwa kwenye trei moja. Nikaandika mkataba mpya palepale, maana wa zamani nao haurekebishiki: kuku uint16, inayofika 65,535, waliochanjwa uint16, tarehe uint32, zote pamoja. Namshukuru Mungu tulikuwa kwenye mtandao wa majaribio, ambako ada si pesa halisi.

Mia tatu na kumi ikakubali.

Baada ya hapo wakaja mmoja mmoja, kila mtu na namba yake sikioni mwangu. Hakuna aliyekuwa na vichache. Mama Neema alinishika mkono akasema, "Usisome kwa sauti. Hii yako nimeipenda, inatunza siri kuliko daftari." Mikono yote kumi na minane ikanyooshwa kuikubali.

Rejista hii inaweza kusomwa na mtu yeyote duniani mwenye intaneti.

Nilieleza kwamba haifutiki. Nani anaisoma, hakuna aliyeuliza, na mimi sikusema. Baba ameshampigia mjomba kumwambia siendi tena.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa Mama Salma kabla hajafungulia kuku. Nitasema shikamoo, hiyo naiweza. Ni sentensi ya pili ndiyo sijui itatokaje.