Masasisho Niliyazima Mwenyewe

Kichochoro cha Kenari 14,
Salatiga, Java ya Kati.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Bagaskara,

Assalamu alaikum. Hujambo huko Nagoya? Kazi je, na mgongo wako? Mimi mama yako mdogo ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi za msikiti. Nyumba iko kimya. Tangu dada yangu, mama yako, atutoke, napika kikombe kimoja cha wali na bado unabaki.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenisoma ukiwa ndani ya treni, ukanijibu kwa kidole gumba. Hili nataka ulisome umekaa.

Zamani kila mwisho wa mwezi ulikuwa ukiingia kwenye kompyuta yangu ukiwa huko huko, kuisasisha. Mimi navuta kiti, nakitazama kishale kikitembea chenyewe. Nafungua ukurasa mtupu, naandika, "Umeshakula?" Nawe unajibu, "Nimekula tambi tena, mama mdogo, usinigombeze." Basi siku hiyo nilijihesabu nina mgeni.

Septemba iliyopita ukaipanga ijisasishe yenyewe. Ukasema, "Sasa pumzika, mama mdogo, huna haja ya kunisubiri tena." Miezi minne hukuingia hata mara moja. Lakini nilikuwa nimekutazama vya kutosha kujua pa kubofya. Januari niliyazima masasisho kwa mkono wangu. Nilijua kompyuta ikianza kulalamika utakuja kuona ina nini.

Ikalalamika kweli, alama nyekundu kila asubuhi. Hukuja.

Jumanne moja mwezi uliopita, nakaanga tempe zangu za soya, nikaona kishale kinatembea. Loo! Nilizima jiko nikakimbia na goti hilo hilo bovu. Nikaandika, "Umeshakula, mwanangu?" Nikajibiwa, "Nimekula, mama. Endelea na kazi zako." Bagas, wewe hujawahi kuniita mama tu, bila mdogo. Niliona, nikajitia sioni. Nikarudi jikoni na furaha yangu ya kijinga.

Niliporudi kwenye kompyuta, picha zote zilikuwa zimefungwa, na kwenye skrini kuna maandishi yanadai malipo.

Fundi Liem, yule wa karibu na soko, aliikagua akatikisa kichwa. Akasema wezi hawa kila siku wanatafuta matundu kwenye programu, na watengenezaji nao wanatuma viraka. Kiraka cha tundu alilopitia huyu kilitumwa tangu Februari. Ningeiacha tu kompyuta, ingejibandika yenyewe.

"Nani kayazima masasisho, Mama Wuryani?"

"Labda mjusi kakanyaga."

"Ehe! Na mjusi huyo akaulizwa na kompyuta kama ana uhakika, akajibu ndiyo?"

Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nililia.

Sasa lililo zito. Zimebaki wiki tano tufanye khitma ya kutimiza siku elfu tangu mama yako atutoke, nawe uliniomba ile picha anayocheka uani, ya kuweka kwenye jalada la vitabu vya Yasini. Haipo tena. Wala nyingine hazipo. Albamu zililiwa na mchwa, na zile ulizowahi kuokoa zote zilikuwa humo kwenye kompyuta. Fundi amejaribu siku nane, ameshindwa. Imebaki ya kitambulisho tu, amenuna kama kakatazwa kucheka, yeye aliyekuwa akicheka hadi majirani wanachungulia. Nisamehe, mwanangu. Mwizi aliingia, lakini mlango niliuacha wazi mimi, kwa upweke wangu.

Fundi ameifuta kompyuta yote, ameyawasha masasisho, na mimi sitayagusa tena. Usiwe na wasiwasi nayo. Inajitunza.

Msalimie sana mkeo Nirmala, na mjukuu wetu mdogo Kirana umbusu mashavu yote mawili. Baba yako mkubwa Suharno anakusalimu, anauliza kama huko bado mnavaa soksi hata kitandani. Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema zake, wewe na wote walio chini ya paa lako.

Tafuta kwenye simu zako za zamani. Labda mahali fulani umebakiwa na picha moja ya mama yako. Ukiipata, nakuomba usiitume. Ilete.

Ni mimi nikupendaye,
mama yako mdogo,
Wuryani