Mwanangu Anajiita Mchawi

Jumapili, Novemba. Mvua ya baridi inanyesha tangu asubuhi, ile inayotaka kuwa theluji ikashindwa. Nilirudi kutoka kanisani na furaha kwa sababu Upendo alikuwa anakuja kula. Sasa ameshaondoka, na mimi nimekaa hapa, hata sahani sijazitoa mezani.

Upendo ni binti yangu wa pekee. Amezaliwa hapa Toronto, anasoma falsafa, yuko mwaka wa mwisho. Kiswahili anakielewa vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake hapa nayaandika kwa lugha yangu. Isipokuwa sentensi moja. Hiyo aliisema mwenyewe kwa Kiswahili, nadhani aliifanyia mazoezi.

"Mama, mimi ni mchawi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza. Yeye na wenzake hukutana kwenye bonde la mto, nyuma ya maghorofa yetu ya Crescent Town, mwezi unapokuwa mpevu na majira yanapobadilika. Wanawasha mishumaa, wanaishukuru ardhi. Hawamwombei mtu mabaya, na shetani hawamwamini kabisa. Hata insha yake ya kumaliza chuo inahusu mambo hayo: kwamba falsafa ya kisasa iliigeuza dunia kuwa kitu kisicho na uhai, cha kutumiwa tu, na kwamba wapagani wa leo wana hoja inayostahili kujibiwa, siyo kuchekwa. Aliongea vizuri sana. Kuna dakika nilimwonea fahari, Mungu anisamehe.

Kisha akasema tutakapokwenda Tanzania kwa Krismasi, atamwambia mama yangu.

"Nataka Bibi anijue nilivyo."

Ikabidi nimweleze jambo ambalo sikuwahi kumweleza.

Mama yake mama yangu, Bibi Minza, alikuwa mjane huko Usukumani. Maisha yake yote alipikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi ule ukayafanya macho yake kuwa mekundu. Mtoto wa jirani alipokufa kwa homa, watu wakayakumbuka macho hayo, kwao alama ya uchawi. Walikuja mchana na mapanga. Walikuwa watu waliozoea kula kwake. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nilikuwa shule. Mama alikuwa shambani, akasikia sauti ya mama yake: "Siyo mimi! Mimi siyo mchawi!" Aliyarudia hayo hayo mpaka sauti ikakatika. Tangu siku ile, neno hilo halitamkwi nyumbani kwetu.

Upendo alilia. Akanishika mkono.

"Basi tutamwashia mshumaa," akasema. "Kama mmoja wetu. Neno hili ni la wale walioumizwa nalo, Mama. Sisi tunalichukua ili lisimuue mtu tena."

Najua alikusudia mema. Lakini nilipiga meza.

"Hakuwa mmoja wenu! Alilikataa mpaka pumzi ya mwisho, leo wewe ndiye wa kumvisha neno hilo?"

Akauachia mkono wangu. Nilitaka kuongeza kwamba hata wale waliomuua waliamini ardhi ina uhai na miti ina uhai, na imani hiyo haikuwazuia. Nikaacha. Uso wake ulinitosha.

Alivaa koti lake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Sitamwambia Bibi. Nitamsalimia, nitapika naye, sitasema kitu."

"Asante, mwanangu."

"Lakini sijaacha kuwa nilivyo, Mama."

"Najua."

Nilimtazama kupitia dirisha akielekea stesheni ya treni, mwavuli mkononi, hakuufungua.

Nimepata nilichokitaka.

Krismasi mama yangu atampokea mjukuu wake, atamkumbatia, atamlisha, na hatamjua. Mama alinilea kwa kunyamaza. Leo, mezani kwangu, nami nimemrithisha Upendo kimya hicho hicho. Nimemlinda mama yangu, au nimempoteza mwanangu? Nimejiuliza jioni yote na jibu sina.

Kesho nikitoka kazini nitampigia simu, nimwombe anisomee hiyo insha yake. Nitamsikiliza mpaka amalize.