Mkono wa Kiilu

Jumatatu, 5 Septemba 1988

Miezi mitatu tangu tumzike Kiilu kwao Matiliku, na leo ndiyo wamekumbuka kwamba alikuwa mtu mkubwa. Saa nne asubuhi gari jeupe lilisimama mbele ya karakana yetu ya vinyago hapa Mwingi. Akashuka msichana wa miaka thelathini hivi, mtandio kichwani, kamera shingoni. Bi Hasina. Ni wa Kitui mjini, babu yake alitoka pwani. Anafanya kazi na taasisi fulani ya sanaa huko Nairobi. Wanaandaa maonyesho na kitabu cha mafundi na waanzilishi wa kazi za mikono. Waliokwisha kufa tu. Sisi wengine tungoje zamu.

Kalondu, mjane wa marehemu, alilia kidogo halafu akaagiza soda. Mutie, kijana wao, alikuwa amevaa tai. Katikati ya vumbi la mpingo – tai! Akasimulia jinsi babake alivyoanza na tezo moja ya kuchongea kwenye kibanda cha mabati mabovu, na leo watu kumi na wawili wanakula kwa jina lake. Hiyo ni kweli. Baada ya hapo alitia chumvi mpaka nikaenda kunoa visu ambavyo havikuwa butu.

Mimi niliulizwa swali moja tu. Nimefanya kazi hapa miaka mingapi? Nikasema ishirini na sita. Akaandika, akanishukuru.

Jumanne, 6 Septemba

Kutwa nzima nimekuwa na hasira na sijui ya nani. Wacha niandike. Daftari hili halisomwi na mtu, na mimi nikifa watawashia moto wa chai.

Mwaka wa 1971 tezo ilimteleza Kiilu ikamkata mishipa ya kiganja cha kulia. Hospitali walishona ngozi, lakini vidole vitatu vilijikunja na havikufunguka tena. Nilikwenda kumwona. Alikuwa ameangalia ukuta. Mtu aliyenichukua nikiwa sijui hata kushika kisu, akanifundisha bila kunitukana hata siku moja – anaangalia ukuta kama mtoto aliyepigwa. Nikamwambia, usijali, mimi nitakuwa mkono wako. Watu si lazima wajue.

Hakuniomba. Nilijitolea mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Tangu siku hiyo alikaa mlangoni na tezo mapajani, mkono umefichwa ndani ya koti. Wageni walimpiga picha. Mimi nilikaa nyuma ya pazia la gunia nikichonga. Magogo aliyachagua yeye mpaka mwisho, hapo nampa haki yake. Alikuwa anakwenda mpaka Tseikuru, anagonga mti kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, na hakuleta gogo lenye ufa hata moja. Lakini nyuso zote ni zangu. Miaka kumi na saba ya nyuso.

Na hapa kwetu kazi haiandikwi jina. Mmoja anakata umbo kwa tezo, mwingine anaingia na kisu, Muthoki anapiga msasa na kupaka rangi ya viatu. Ikitoka hapo ni mali ya duka. Nani angeuliza?

Jumamosi, 10 Septemba

Amerudi kuchagua. Vinyago saba. Nilisimama nyuma nikihesabu kimoyomoyo. Mzee anayefunga kiatu. Kipofu na fimbo. Wasichana wawili wanaonong'onezana. Vyote ni vya baada ya 1971, vyote saba, na kila alipookota kimoja alisema, tazama mkono huu, tazama mkono huu. Roho yangu ilikuwa inafurahi na kuuma kwa wakati mmoja. Sikujua hilo linawezekana.

Kwa cha nne alifika kwenye rafu ya juu na kumshusha mwanamke anayechambua ndengu.

Huyo hauzwi. Kiilu alimkatalia kila mnunuzi, hata Mjerumani mmoja aliyerudi mara tatu. Huyo ni Nthenya, mke wangu. Alikufa 1976 na hakuwahi kupigwa picha, alikuwa anasema kamera inamfanya ajisikie mshtakiwa. Wiki mbili baada ya mazishi nilimchonga kabla sura haijaniponyoka. Kichwa ameinamisha hivi, ungo magotini, mdomo wazi kidogo kwa sababu ya lile pengo la meno ya mbele. Gogo lilikuwa la duka kwa hivyo alibaki dukani. Na kusema kweli sikuweza kumweka nyumbani. Kazini nilimwona kila siku, ilitosha.

Bi Hasina akauliza, huyu ni nani, mbona amechongwa kwa mapenzi hivi?

Mutie hakuchelewa. "Huyo ni mamangu," akasema. "Mzee alikuwa anampenda sana."

Kalondu alikuwa amesimama palepale. Alimjua Nthenya vizuri, walikuwa wakiteka maji pamoja. Aliangalia sakafu, akatengeneza leso yake. Bi Hasina akaandika kwenye kadi: Mke wa Msanii. Akampiga picha kutoka pande nne.

Jumapili, 11 Septemba

Kanisani. Mchungaji amehubiri juu ya kuacha jina jema. Nimetoka kabla ya sadaka.

Jumatatu, 12 Septemba

Nimemwendea Muthoki. Yeye amepiga msasa kila kitu kilichotoka kwenye kisu changu, hakuna anayejua zaidi yake. Nikamwomba asimame na mimi, aseme tu alichoona.

Aliendelea kusugua. Akaniambia, "Mzee, mimi niko na watoto wanne. Wewe ukisema halafu watu waseme duka ni la uongo, hiyo msasa nitapiga wapi? Kwa mlango ya kanisa?"

Nikasema ni ukweli tu ninaoutaka.

"Ukweli najua," akasema. "Wewe pia unajua. Sisi wawili tunatosha."

Sikumkasirikia. Nimejaribu, imeshindikana.

Jumanne, 13 Septemba

Nimepiga moyo konde. Bi Hasina amefikia lojingi ya wageni karibu na stendi, nikamfuata huko, akaniagizia chai. Nikamweleza yote, kuanzia kiganja mpaka pazia la gunia. Nilisahau hata kunywa.

Hakucheka. Hilo nitamheshimu kwalo. Akauliza kama kuna karatasi, barua, picha yangu nikichonga. Hakuna. Picha zote ni za Kiilu mlangoni. Akauliza, na shahidi je? Nikafikiria watoto wanne wa Muthoki. Akasema kwa upole, "Mzee Nzomo, mimi si kwamba sikuamini. Lakini Nairobi wataniuliza, nitawaambia nini?"

Nikamwambia, nipe mpaka Jumamosi. Nitakuchongea uso, uuweke kando ya zile saba. Macho yako yatakuambia.

Akakubali. Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiimba, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa.

Alhamisi, 15 Septemba

Namchonga Kiilu mwenyewe. Ameketi mlangoni, tezo mapajani, mkono wa kulia nje ya koti, vidole vitatu vimekunjwa. Hivyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwonyesha. Atakayeona mkono huo atajua kwamba haukuchonga kitu.

Kazi inakwenda. Sijaona ikienda hivi tangu Nthenya. Jana nilisahau chakula cha mchana, leo pia.

Ijumaa, 16 Septemba

Nimemaliza macho. Nilidhani nitakuwa na uchungu naye, lakini ametoka anaonekana mwenye aibu, anaomba radhi. Labda ndivyo alivyokuwa miaka yote na mimi nilikuwa nyuma ya gunia, singeweza kuona.

Sikumpa Muthoki apige msasa. Nimepiga mwenyewe.

Jumamosi, 17 Septemba

Bi Hasina alimweka Kiilu wangu mezani kando ya wale saba. Akazunguka meza mara mbili. Akavua miwani, akafuta macho – alikuwa analia kweli.

Akasema, "Ni mkono uleule."

Nikajibu ndiyo.

Akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Mwalimu ameingia ndani ya mwanafunzi mpaka huwezi kuwatenganisha! Kumbe huu ndio urithi wenyewe wa Kiilu, hakuacha vinyago tu, ameacha mtu. Akanishika mikono yote miwili. Akasema sasa ananielewa – kukaa na mtu miaka ishirini na sita, kumpenda hivyo, hata ukafika mahali hujui kazi yako inaanzia wapi na yake inaishia wapi.

Nikamwonyesha vidole. Nikamwambia, tazama mkono wake, mama, tazama hapa. Mutie akaingilia, akasema mzee alipata presha mwaka wa mwisho, mkono ukalemaa. Kalondu akaitikia kwa kichwa. Muthoki alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Kiilu wangu anakwenda Nairobi pia. Kadi yake inasema: Heshima ya Mwanafunzi kwa Mwalimu Wake. Jina langu halipo, kwa sababu mimi sijafa. Bi Hasina aliniomba msamaha kwa hilo, kwamba ndiyo kanuni ya maonyesho.

Mimi ndiye niliyempa ushahidi. Nimechonga siku nne usiku na mchana ili nimthibitishie kwamba Kiilu alikuwa fundi. Mjinga wa kupindukia.

Jumapili, 18 Septemba

Sikwenda popote.

Jumatano, 21 Septemba

Kalondu amekuja nyumbani kwangu. Hajawahi kuja tangu matanga ya Nthenya. Nikampa kiti, akakaa ukingoni.

"Baba Ndeti," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "mimi najua kila uso ilitoka kwa nani. Usifikiri sijui."

Nikamuuliza kwa nini basi aliitikia kwa kichwa.

Akasema yule ni mumewe. Nikimvua nguo sasa, ataonekana mwizi kaburini, na hakuiba, alipewa. "Wewe ndio ulimpa. Alikuja nyumbani kutoka hosipitali akaniambia, Nzomo amenipa mkono yake. Akalia. Mara ya kwanza kumwona akilia." Akasema Kiilu alitaka kuwaambia watu. Kila mwaka alisema mwaka huu. Kisha wateja wanakuja, Krismasi inafika, mwaka unaisha.

Ningetaka awe amesema uongo, lakini najua uongo wa Kalondu, na huo haukuwa uongo.

Halafu akatoa lililomleta. Mutie alipiga simu Nairobi kutoka posta, akawaambia kwamba babake aliandika jina lake chini ya kila kazi. Sasa Bi Hasina anakuja Ijumaa kufunga vinyago kwenye masanduku, na chini hakuna kitu. Mutie anasema atachoma majina kwa msumari wa moto.

"Huyo ataharibu," Kalondu akasema. "Hata kuchinja kuku hajui. Andika wewe."

Nikamwambia nitaandika sita. Nthenya niachiwe. Nitamchukua nyumbani, sitamwonyesha mtu, sitasema neno tena mpaka nife.

Nilidhani atakubali. Akasema picha ya Nthenya ndiyo imewekwa kwenye jalada la kitabu. Imeshakwenda kupigwa chapa.

Alhamisi, 22 Septemba

Nimesema hapana. Nimemtuma Muthoki akamwambie Kalondu hapana, kwa vyote saba. Wafanye watakavyo.

Jioni nimepita karakana kuchukua visu vyangu. Mutie alikuwa nyuma ameshaanza na yule kipofu. Msumari umekwenda kombo, herufi zimetambaa mpaka kwenye vidole vya mguu, na kidole kimoja kimepasuka. Moshi wa mpingo kila mahali. Alikuwa anatoka jasho, tai ameitupa begani. Akaniambia kesho asubuhi atamalizia wengine.

Nthenya alikuwa wa pili kwenye mstari.

Ijumaa, 23 Septemba

Nimefika kabla ya Mutie. Nimeandika watano. Kisu chembamba, herufi ndogo, nimezipaka vumbi na rangi ya viatu mpaka zinaonekana za zamani. Kalondu aliona, akaniletea chai, hakusema kitu. Kile kidole cha kipofu nimekigundisha pia.

Nimemwacha yeye wa mwisho. Nimempakata kichwa chini ili nipate mahali pa kuandikia, na pua yake inanichoma paja. Miaka kumi na miwili sijamshika muda mrefu hivi. Chini yake bado kuna alama za kisu changu, kwa sababu Muthoki huwa hasugui chini.

Nimeandika K. Nimeandika I, na I nyingine. Nimeweka kisu chini niandike hapa kwanza.

Gari limesimama nje. Namsikia Bi Hasina akisalimiana na Mutie, wanaulizana habari za barabara. Sasa anaita mlangoni, anauliza kama namba nne iko tayari kufungwa kwenye sanduku. Nimemwambia bado kidogo, mama, zimebaki herufi mbili.