Owuor, Mtoto Anangoja Jina

Owuor mwanangu,

Wewe una adabu kweli? Tangu tukulaze hapa nyuma ya nyumba, mvua kubwa imekuja mara mbili, na hujanijia kwa ndoto hata siku moja. Hata kupita tu, uulize kama nimekula! Ukiwa hai ulisingizia kazi ya chuo. Sasa utasingizia nini?

Anayeshika kalamu ni Adhiambo, mke wako. Mimi nasema, yeye anaandika, na akianza kufuta macho namgonga na mwiko, kwa sababu barua hii ni ya furaha. Una mjukuu! Mke wa kijana wako amejifungua mvulana, na masikio ni yale yako, ya kusikiza mambo ya wakubwa. Namwita mume wangu mdogo, na baba yake anaona wivu.

Shida ni moja. Analia. Analia asubuhi, analia mchana, hata akinyonya analia. Na unajua kwetu mtoto akilia hivyo kuna marehemu anataka jina lake liitwe tena.

Basi Auma, binti ya marehemu shemeji yangu Ogola, amekuja mbio kutoka Ndhiwa. Ati baba yake amemjia usingizini na lile koti lake jeusi, anadai mtoto. Ogola! Mtu aliyekuwa akisikia wageni wanapiga hodi anaficha sufuria ya samaki chini ya kitanda! Jumamosi Auma anarudi na watu wake, na nisipokuwa na neno la kuwaambia, mume wangu mdogo ataitwa Ogola mpaka azeeke.

Adhiambo akasema, "Mama, si tumwite tu Owuor, tuone kama atanyamaza?" Nikamwambia, wee, umeishi na profesa miaka yote hiyo na hukusikia kitu? Wewe mwenyewe, Owuor, ulinieleza, umekaa hapa kwa kigoda changu, kwamba mtu anayejaribu neno baada ya neno mpaka mlango ufunguke ni mwizi. Mwenye nyumba hajaribu. Mwenye nyumba anajua.

Mimi shule sikuiona hata kwa dirisha, lakini kazi yako niliielewa kabla yako. Ulikuwa mdogo, ukaiba njugu zangu ghalani, halafu ukaja mwenyewe: "Mama, ghala yako iko na tundu upande wa jua, mimi nimepita hapo." Nikakuchapa kwa sababu ya wizi, nikakupa njugu zingine kwa sababu ya tundu. Ukakua ukawa profesa, na wakubwa wa benki wakawa wanakuita uingie kwa kompyuta zao bila ufunguo, kisha uwaonyeshe ulipopitia. Nikiwaambia wanawake sokoni mwanangu anaajiriwa kuvunja milango, wanashika vichwa. Wengine walijua tu unatengeneza simu na redio. Ile Krismasi ulikuta redio mbovu zimepanga foleni mlangoni, na ukazitengeneza, profesa mzima, na bisibisi ya kuazima.

Na yule tapeli, unamkumbuka? Alipiga simu na sauti yako kabisa, hata kale kakikohozi. "Mama, nimeshikwa na polisi hapa Isebania, nitumie pesa haraka." Nikaanza kutafuta pesa. Lakini nikakumbuka swali letu la siri, lile ulilosema nimuulize kila anayejiita wewe kwa simu. Nikamuuliza, "Mbuzi alikula nini?" Akasema, "Mama, mbuzi gani sasa?" Nikamwambia mbuzi wa mama yako, nikakata. Nilipokueleza jioni, ulicheka mpaka nikadhani umeangusha simu.

Siku hizi kanisani kila mama ana swali lake na watoto wake, nimewafunza mimi. Wananiita Profesa. Nimekubali.

Kile kigoda ulichokuwa unakalia, bado... Hapana. Adhiambo, hiyo usiandike.

Jibu la mbuzi tulilijua watatu: mimi, wewe na mbuzi, na mbuzi tulimla. Siku ile mbuzi alipokula kitu hicho tuliapa baba yako asijue, na alikufa bila kujua. Sasa hivi Adhiambo ameinua kalamu, anataka nimwambie aandike. Nimekataa. Ananibembeleza na chai. Nimekunywa chai na nimekataa.

Pumzika, nyathina, mtoto wangu. Mimi sijachoka, nitamlea huyu. Nakuahidi, akianza kutembea nitamwekea njugu ghalani na nitaacha tundu moja, nione kama atakuja kuniambia.

Lakini njoo kabla ya Jumamosi. Na sikiza vizuri. Usije na koti. Usianze na "Mama, Mama" kwa hiyo sauti yako tamu, sauti mtu anaweza kuiba. Simama hapo mlangoni, mimi nitauliza swali. Jibu kwanza, ndio uingie umpe mtoto jina lako.